Mkanda wa Saa ya Mzaramo

"Umeachia tena!"

Lukumani alisimama mlangoni pa kibanda cha fundi viatu pale Kanyenye, ameinua saa yake juu kama mtu aliyeshika panya mkiani. Mkanda ulikuwa umeshika upande mmoja tu, upande wa pili unaning'inia.

"Nini kimeachia?" Mwanamkuu akauliza bila kuinua uso. Alikuwa anapigilia soli.

"Mkanda, mke wangu. Mara ya sita hii! Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, miezi mitatu, haikuanguka hata moja. Wewe mkanda wa saa unakushinda?"

"Zilifika kwa sababu tulizibeba sisi. Mngepewa nyinyi Wazaramo, mngelala njiani mnangoja nazi ianguke."

"Na nyinyi asali ikianguka je? Si mnaramba mpaka mchanga!"

"Leta saa hapa, mvivu wewe. Kaa chini, usinizibie mwanga."

Kwa asiyejua, asije akaenda kueneza maneno mjini: hawa hawakuwa mume na mke. Walikuwa watani. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo kichwani, Wazaramo ndio waliowapokea, wakala pamoja, wakazikana, wakapeana ruhusa ya kutaniana mpaka kiama. Mtani akikuita mke, unaitika. Akikuita mwizi, unacheka. Akimkamata kuku wako, unamsindikiza na pilipili. Kukasirika ni marufuku, na kuamini anachosema mtani ni ujinga wako mwenyewe.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu Mwanamkuu alimpenda Lukumani. Tuseme tu, tusizungukezunguke. Alimpenda hasa.

Ilianza kwenye msiba. Mzee Nassibu, fundi viatu aliyejulikana Tabora nzima, alipofariki, binti yake Mwanamkuu alilia siku mbili bila kutia kitu tumboni. Siku ya maziko jeneza likataka kutoka, likashindwa, maana mlangoni alikuwa amelala mwanamume mmoja mrefu, amevaa kofia ya reli, amekumbatia nyundo ya marehemu.

"Hatoki mtu hapa!" alipiga kelele. "Mzee huyu alinitengenezea mkanda wa saa akaniambia utadumu kuliko yeye. Sasa amewahi kuondoka ili nisije kumlalamikia. Mimi Mzaramo sidanganywi!"

Watu wakaangua kicheko, na Mwanamkuu, akiwa na kamasi na machozi usoni, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni ile ndipo alipokunywa uji, kikombe kizima. Tangu hapo yule Mzaramo hakumtoka akilini.

Lukumani alikuwa gadi wa treni ya mizigo, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera na filimbi, na gadi bila saa si gadi. Mkanda ule aliokatiwa na Mzee Nassibu hakukubali kuubadilisha. Ngozi yake ilikuwa imelainika na kuwa nyembamba pale inapozungushwa kwenye pini ya saa, hata sindano ingeichana. Ilitaka gundi tu.

Na gundi Mwanamkuu aliijua. Baba yake alimfundisha akiwa na miaka kumi na miwili: piga msasa pande zote mbili, paka solusheni pande zote mbili, halafu ngoja. Ngoja mpaka uguse na kidole na kidole kisinate. Hapo ndipo unabana. Ukibana ikiwa mbichi, itashika siku mbili tatu ikuchekee, siku ya nne inaachia.

Mara ya kwanza kabisa Lukumani alipouleta, Mwanamkuu aliharakisha kwa bahati mbaya. Mkanda ukaachia siku ya nne, Lukumani akarudi, akakaa kwenye kigoda, wakataniana saa nzima. Alipoondoka kibanda kikawa kitupu kabisa.

Basi mara ya pili akaubana mbichi kwa makusudi. Na ya tatu. Na ya nne.

Msimcheke. Angefanyaje? Angemwambia "nakupenda"? Lukumani angejibu, "Na mimi nakupenda, mke wangu, nipikie ugali," na mama muuza karanga pale nje angeanguka kwa kicheko.

Jumatatu ile, mara ya sita, Lukumani alikaa kwenye kigoda akawa kimya. Kimya cha Mzaramo ni jambo la kutangazwa redioni.

"Unaumwa?" Mwanamkuu akamwuliza.

"Siumwi."

"Basi sema kitu, nisije nikadhani nimepata mteja mwenye adabu."

Lukumani akatabasamu kidogo. Akaangalia mikono ya Mwanamkuu ikipaka solusheni.

"Safari hii ubane sawasawa, Mwanamkuu. Nataka ufike mbali."

Alimwita kwa jina. Si mke wangu, si mpagazi, si mramba asali. Mwanamkuu alilisikia, na moyo ukaruka. Lakini mkono ulishazoea. Gundi ikiwa bado inang'aa, akaubana.

"Haya, chukua. Huo utafika mpaka mbinguni."

"Ahsante," Lukumani akasema. Akavaa saa yake, akaondoka bila hata kuiba msumari.

Jumamosi, adhuhuri ikikaribia, mtu mwingine akasimama mlangoni. Alikuwa Hilari, mlinda reli kutoka Usoke, mtu mpole, kofia mkononi.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, kaka Hilari. Karibu. Kiatu au ndala?"

"Si kiatu. Ni hii." Akafungua leso. Ndani mlikuwa na saa ya Lukumani. Kioo kimepasuka, mkanda umeachia, lakini mshale wa sekunde ulikuwa bado unakimbia. "Nimeiokota kwenye kokoto jana jioni. Nimepita nyumba za reli, amesharudisha ufunguo, anazunguka kuaga watu. Nikasema kwako hatakosa kupita."

Nyundo ikamponyoka Mwanamkuu.

"Kuaga? Anaenda wapi?"

"Dar es Salaam. Kaomba uhamisho mwenyewe. Anaondoka na treni ya leo saa tisa alasiri. Hakukwambia?"

"Na saa ilikuwaje?"

"Iliangukia kwetu Jumatano. Alichungulia nje kutoa bendera, mkanda ukaachia, saa ikaenda. Treni ikafika kituo cha mbele gadi hana saa, wakubwa wakampa barua ya onyo. Kesho yake alirudi kuitafuta. Nimetembea naye relini toka asubuhi mpaka jua linageuka, hakutania hata mara moja. Nikamwambia, kaka, saa si saa tu? Akasema, 'Mkanda ule umepita mikononi mwa mtu ambaye sitampata. Sina kingine chake.'"

Mwanamkuu akaipokea saa.

"Mtu gani huyo?"

Hilari akamwangalia kwa mshangao. "Fundi, si wewe? Si nyinyi mlioikataa posa yake?"

"Posa ipi?"

"Wazee wake waliandika barua kwa shangazi yako. Na jibu kanionyesha mwenyewe, analo mfukoni. Samahani, dada. Nilidhani unajua." Akavaa kofia yake taratibu. "Mimi toroli linaningoja."

Mwanamkuu hakufunga hata kibanda. Alifika nyumbani akiwa na saa mkononi na kanga inaburura. Shangazi Maua, dada yake marehemu Mzee Nassibu na aliyebaki kuwa mlezi, alikuwa uani anapeta mchele.

"Shikamoo, shangazi. Barua ya Wazaramo iko wapi?"

"Marahaba. Barua gani?" Halafu shangazi akakumbuka, akaanza kucheka, ungo ukamtikisika mapajani. "Aaa, ile! Nilitaka nikuchekeshe nayo siku ya Idi nikasahau. Hebu ngoja."

Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Mwanamkuu akaisoma amesimama.

"Kwa Bibi Maua, mlezi wa Mwanamkuu binti Nassibu, Kanyenye, Tabora. Salaam. Sisi wazee wa Lukumani, Maneromango, tunakuja kwako kwa karatasi kwa kuwa miguu yetu haifiki huko. Kijana wetu amempenda binti yenu na anaomba kumwoa. Anasema hajawahi kumwambia neno la kweli kwa kuwa kila akifungua kinywa unatoka utani. Kwa hiyo ametuomba tuseme sisi. Tunangoja jawabu lenu."

"Umeona?" Shangazi alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Wazaramo hawa! Ati kila akifungua kinywa! Na mimi nikawaweza. Nikaandika: 'Barua tumeipata. Mzaramo hatumtaki, akalinde minazi. Akitaka mke kwetu alete bahari ndani ya kibuyu, na samaki wawe hai.' Nikaitia posta mwenyewe, nacheka njia nzima mpaka karani wa posta akaniuliza kulikoni."

Mwanamkuu alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia.

Kicheko cha shangazi kikakatika.

"Mwanangu, nini tena?"

"Haikuwa utani, shangazi."

"Ya Rabi! Lakini posa gani inakuja kwa posta? Posa inakuja na watu! Inakuja na wazee wamevaa kanzu, karatasi imefungwa kwenye leso, wanakohoa mlangoni. Hii imekuja na stempu! Ningejuaje mimi?"

"Na yeye angejuaje kwamba jibu lako ni utani?"

"Si mtani? Alitakiwa acheke! Alitakiwa aandike kwamba bahari iko njiani!"

"Shangazi, mtu akishapenda, utani humtoka. Kanipenda kweli, ukamjibu akalinde minazi. Anaondoka leo saa tisa."

Shangazi Maua akashika kichwa. Kisha akasimama, akajifunga kanga ya pili kiunoni.

"Basi inuka, twende stesheni."

"Bado," Mwanamkuu akasema. Akafuta macho kwa kiganja. "Na mimi nina langu. Saa hii imeanguka kwa mkono wangu."

Akamweleza yote, mara zote sita, pamoja na barua ya onyo. Shangazi akasikiliza mdomo wazi.

"Nassibu angekuchapa," hatimaye akasema.

"Angenichapa. Twende kibandani."

Ilikuwa saa saba na nusu kwa saa ileile yenye kioo kilichopasuka. Mwanamkuu akaibana pini kwenye jiriwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani, akaanza kukwangua. Gundi za mara sita zilikuwa zimelaliana pale kama ukoko wa sufuria. Hakuweza kuweka mpya juu ya ile. Alikwangua mpaka ngozi ya baba yake ikaonekana, akapiga msasa taratibu, akapaka solusheni pande zote mbili. Ngozi kavu ikainywa yote. Akapaka tena.

"Saa nane," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Bana."

"Bado mbichi."

"Mwanamkuu, bana mwanangu!"

"Shangazi, nikiubana sasa hivi nitakuwa nimemdanganya tena."

Wakakaa. Mama muuza karanga alikuja kuuliza kuna nini, akaambiwa, akakaa na yeye. Wanawake watatu wanatazama gundi ikikauka, na treni inakaribia kuondoka. Shangazi alipepea kwa upindo wa kanga mpaka Mwanamkuu akamzuia kwa sababu ya vumbi.

Saa nane na nusu akagusa kwa kidole. Kilinata kidogo. Akangoja. Akagusa tena, kidole kikatoka kikavu. Akaukunja mkanda kwenye pini, akaubana kwa jiriwa kwa nguvu zake zote, akahesabu kimoyomoyo, akautoa.

"Sasa!" akasema. Wakakimbia.

Stesheni ilikuwa imejaa. Injini ilishaunganishwa. Lukumani alikuwa dirishani kwenye behewa la tatu, hana kofia ya reli, na sanduku lake la bati lilikuwa bado limekaa chini mlangoni, halijapandishwa. Alipomwona Mwanamkuu akajilazimisha kutabasamu.

"Loo, mtani! Umekuja kuhakikisha nimeondoka?"

"Shuka."

"Treni inatoka sasa hivi."

"Shuka, Lukumani."

Akashuka. Mwanamkuu akamwekea saa kiganjani. Lukumani akaitazama kwa muda, akaisugua kioo kwa kidole gumba.

"Nani kaipata?"

"Hilari. Mkanda nimeubandika."

"Haya, ahsante. Nikifika kituo cha Malongwe utakuwa umeachia."

"Lukumani, nisikilize. Mara zote sita niliubana gundi ikiwa mbichi. Najua kubandika. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, zilizofuata nilifanya makusudi ili uachie, ili urudi. Nilikuwa nataka urudi."

Lukumani akaangua kicheko. Abiria waliokuwa dirishani nao wakacheka.

"Nyinyi Wanyamwezi mnaweza!" mmoja akasema. "Hata kwenye kuagana!"

"Umenipata," Lukumani akasema, akitikisa kichwa. Lakini macho yake hayakucheka. "Ningekuwa na nguvu leo ningekujibu, mtani. Leo sina."

"Sitanii."

"Sawa."

"Sitanii, wewe!" Sauti ikampasuka. "Niseme vipi ndipo uamini?"

Lukumani hakujua ashike lipi. Miaka miwili wamejazana maneno ya uongo, sasa neno la kweli limekuja na halina pa kukaa. Mwanamkuu akauchukua mkono wake, akamfungua vidole, akamshikisha saa kwa mkono mmoja na mkanda kwa mkono mwingine.

"Vuta."

"Nini?"

"Vuta uachie. Wewe si mwanamume? Vuta!"

Lukumani akavuta kidogo. Ukakaa. Akavuta kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka. Ngozi ikalia, gundi haikusogea. Akauzungusha kwenye kiganja, akajaribu tena, akakaza meno. Wapi. Akashusha mikono, akamwangalia Mwanamkuu.

"Kumbe unaweza," akasema polepole.

"Naweza tangu nina miaka kumi na miwili."

"Mara sita."

"Mara sita. Saa yako imeanguka kwa sababu yangu, na onyo umepewa kwa sababu yangu. Ukitaka kunitukana nitukane, na iwe kweli, si utani. Nimestahili."

Lukumani akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa.

"Na hii je? Nikalinde minazi?"

"Hiyo niulize mimi!" Shangazi Maua alikuwa amefika, anahema, kanga moja begani na nyingine mkononi. "Mimi ndiye niliyeandika. Nilidhani mnatutania, barua inakuja na stempu! Mwenyewe huyu hakuiona mpaka leo hii. Kosa langu, baba. Nisamehe."

Lukumani alisimama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Akamtazama shangazi, akamtazama Mwanamkuu.

"Hukuniona mimi mjinga? Hukucheka?"

"Nililia mchangani," Mwanamkuu akasema. "Muulize."

Filimbi ikalia. Gadi wa treni ile, aliyemjua Lukumani vizuri, akapunga bendera na kupiga kelele, "Ndugu, panda au baki!"

"Lazima nikaripoti," Lukumani akasema. "Nikikosa Jumatatu kazi imekwenda. Mwanamkuu, mimi—"

Hakumaliza. Shangazi Maua aliliinua lile sanduku la bati, akajitwika kichwani.

"Nimeteka mzigo!" akapaza sauti stesheni nzima isikie. "Mzigo wa mtani nimeuteka! Mashahidi mpo? Haurudi mpaka wenyewe waje kuukomboa, na waje na kanzu zao!"

Abiria wakashangilia. Polisi wa stesheni alisogea, akasikia neno mtani, akarudi alikotoka akicheka. Lukumani alikuwa tayari ameshika vyuma vya mlango, treni inaanza kusogea, na uso wake wote umefunguka kama siku ile alipolala mlangoni pa msiba.

"Shati zangu zote zimo humo!"

"Utavaa mnazi!" shangazi akajibu.

"Mwanamkuu!" Lukumani akaita, sasa treni inakwenda. Aliinua mkono juu, saa ipo. "Hii ikiachia sirudi!"

"Basi utarudi!" Mwanamkuu akapiga kelele, huku analia na kucheka pamoja.

Wiki tatu nzima alikuwa akiamka na jambo moja tu kichwani: je, mkanda bado umeshika? Siku ya ishirini na mbili karani wa posta akamletea simu ya maandishi kibandani kwa mkono wake mwenyewe, maana naye alishapata habari yote:

MKANDA UMESHIKA. NAKUJA NA WAZEE. TUNATAFUTA KIBUYU.

Walikuja wazee wanne wa Maneromango, kanzu zimepigwa pasi, wamechoka na treni. Walikohoa mlangoni. Barua ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe, na juu yake kibuyu kidogo kimezibwa kwa gunzi, ndani maji ya chumvi.

"Samaki wamekufa Morogoro," mzee mkubwa akasema kwa huzuni.

Shangazi Maua alionja yale maji, akatema, akawakaribisha ndani. Barua aliisoma mara mbili bila kucheka. Kisha akawaletea sanduku lao la bati, shati zote zimefuliwa.

Ndoa ilifungwa Ijumaa iliyofuata. Sheikh alikuja mlangoni pa chumba cha bibi harusi kumwuliza kama ameridhika. Kwa desturi binti huinamisha kichwa, shoga zake wakasema kwa niaba yake. Pale ukumbini Wanyamwezi walikuwa wameshaanza kupiga kelele kwamba bwana harusi apewe nazi aondoke zake, na Wazaramo wanajibu, na sheikh akashindwa kusikia.

"Mwanamkuu binti Nassibu," akarudia. "Umeridhika kuolewa na Lukumani?"

Mwanamkuu akafunua kanga usoni. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na watani wote wakanyamaza.

"Nimeridhika, sheikh. Andika. Na huu si utani."